Injini ya Mpwa Wangu



Juma hili naomba mniwie radhi, maana nitawaeleza habari za grisi, sabuni na spana. Jumanne iliyopita, jua likiwa bado chini, mpwa wangu alinijia hapa Likombe na Altezza yake. Wenye umri wangu huenda hawalijui jina hilo. Vijana wanalijua vizuri kuliko majina ya Mitume kumi na wawili. Ni gari la spoti la Toyota, lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005, lenye injini ya lita 2, fupi kiasi cha kukwaruza tumbo kwenye kila tuta la mji huu. Alilinunua mkononi mwa mtu baada ya msimu wa korosho wa 2017/2018, bei ilipokuwa nzuri kupita kawaida, na vijana wengi wa kusini walipopata chombo cha moto kabla ya kupata paa. Sasa anaoa. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Masasi, na fedha yake ndiyo iliyokuwa iezeke nyumba ya arusi.

"Shikamoo mjomba. Naomba uwanja wako na maji yako. Nataka injini ing'ae."

Kwa sisi ambao ukoo huhesabiwa upande wa mama, mpwa hana haja ya kubisha hodi mara tatu. Nikamwambia aingize gari chini ya mwembe.

Alipofungua boneti nilielewa haja yake. Uchafu wa magari ya kwetu una matabaka, nao husimulia mahali ulikotoka. Kulikuwa na vumbi jekundu la barabara za Newala na Tandahimba. Kulikuwa na chumvi, ambayo kusi huibeba kutoka baharini miezi hii, na ambayo kijana huyu aliiongezea kwa kuendesha gari juu ya mchanga wa ufukwe wa Msimbati akiwaonyesha rafiki zake. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe uliochanganyika na ukijani. Kulikuwa na rangi ya manjano kwenye kila kona, nayo ni salfa, ule unga tunaoipulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Na juu ya vyote, mafuta meusi yaliyovishika vumbi, chumvi na salfa pamoja vikawa kama uji ulioungulia sufuriani.

Ndipo akatoa chupa ya soda iliyojaa petroli, na brashi.

Nilimshika mkono. Wapendwa, miaka kadhaa iliyopita niliitwa usiku kumpaka mafuta ya wagonjwa kijana wa umri kama huo huo. Alikuwa akiosha injini kwa petroli, kama alivyoona wengine wakifanya, betri ikiwa haijafunguliwa. Brashi yake ilikuwa na shingo ya chuma. Iligusa pale isipopaswa kugusa, ikatoa cheche moja. Aliishi, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena, naye alikuwa fundi seremala.

Watu hudhani hatari ipo pale penye moto tu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika cheche hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Mtwara. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini, hukaa kwenye mashimo ya injini, hausubiri mtu amalize kazi. Wapo wanaosema mafuta ya taa ni salama. Ni afadhali kidogo, lakini nayo huanza kutoa mvuke unaowaka kuanzia nyuzi 38 hivi, na injini iliyotoka safarini ina joto la nyuzi 90. Hapo tofauti yao imekwisha.

Nikamtuma mtoto amwite fundi jirani, mzee aliyestaafu gereji lakini ambaye masikio yake hayajastaafu. Huyu bado anasimulia jinsi Datsun 240Z ilivyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 na tena 1973, na kwa sababu hiyo haihesabu Altezza kuwa gari la spoti hata kidogo. Aliiweka ile chupa ya petroli mbali, upande wa pili wa nyumba. Kisha akaweka kiganja chake juu ya injini, akakaa kimya, akasema, "Bado. Tunywe chai."

Tulikunywa chai hadi injini ikapoa kabisa. Maji baridi yakimwagiwa bomba la moshi lenye joto kali, chuma chaweza kupasuka; na sabuni ikimwagwa juu ya joto hukauka kabla ya kufanya kazi. Mpwa wangu alitazama saa mara nyingi. Fundi hakuitazama hata mara moja.

Kisha kwa spana namba 10 akafungua kichwa cha betri, ule upande wa hasi kwanza, akakisogeza mbali. Akaomba nailoni. Mnajua mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi tukapata nailoni iliyofungiwa godoro jipya, tukaikata vipande. Akafunika alteneta, mdomo wa kichujio cha hewa, kisanduku cha fyuzi, na kwa uangalifu mkubwa zaidi akafunika sehemu ya juu ya injini zilipo koili. Katika injini hii kila plagi imezama shimoni na koili yake juu. Maji yakiingia kwenye shimo lile hayana njia ya kutoka, na gari litatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Akahakikisha kifuniko cha oili kimekazwa na dipstiki iko mahali pake.

Mpwa akauliza kwa nini tusilipeleke kwa vijana wenye mashine ya presha, waimalize kwa dakika tano. Fundi alijibu kwamba presha haiondoi uchafu tu, huusukuma pia, na huyasukuma maji hadi ndani ya plagi za nyaya ambako jua halifiki. Ataliwasha leo, likaitika. Juma lijalo, kutu ikishakula, litamzimikia njiani.

Vumbi kavu liliondolewa kwanza kwa brashi laini. Halafu sabuni ya kawaida ya vyombo katika maji ya uvuguvugu, brashi ya nguo kwa sehemu pana, mswaki wa zamani kwa pembe. Tulianzia chini kwenda juu, tukaiacha sabuni dakika chache bila kuiacha ikauke. Vichwa vya betri vilisuguliwa kwa magadi ya kuokea yaliyokorogwa na maji, na ule unga ukatoa povu ukaondoka. Kusuuza kulifanywa kwa kopo na kitambaa, maji kidogo kidogo. Chini ya gari fundi alikuwa ametandaza pumba za mbao ili zinywe maji yenye oili, kisha tukazizoa zote. Bahari yetu hii, ambayo sehemu yake ni hifadhi tangu mwaka 2000, kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi maingilio ya Ruvuma, haina sababu ya kunywa oili ya Altezza.

Tukafuta, tukaondoa nailoni, tukaliacha jua lifanye sehemu yake. Saa nane mchana betri ilirudishwa, safari hii upande wa hasi ukifungwa mwisho, na injini ikaitika mara ya kwanza. Iling'aa kweli. Mpwa wangu akapiga picha nyingi kwa simu.

"Sasa," fundi akamwambia, "nenda Mikindani urudi. Usilifunike. Nataka kuliona."

Nilimwona kijana akisita, na sikuelewa kwa nini. Aliporudi, fundi hakuangalia mng'ao. Aliinama upande mmoja, akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya ule mfuniko wa juu wa injini ambao mafundi huuita tapeti kava. Kitambaa kilitoka na mstari wa oili mbichi. Ilikuwa imeanza kushuka taratibu kuelekea bomba la moshi, na ukisogeza pua ulisikia harufu ya kuungua.

"Asubuhi nisingeweza kuuona," fundi alisema. "Uchafu ulikuwa umeuficha."

Mpwa akanitazama mimi, si fundi. "Mjomba, nilijua. Harufu niliisikia tangu mwezi wa tano. Nilifikiri nikiiosha Ijumaa usiku, hadi Jumamosi asubuhi isingekuwa imetoka tena."

Mnayajua maneno ya Injili kuhusu kikombe na sahani, sitayarudia hapa, na wala sikumrudishia yeye. Nilimuuliza tu kama mnunuzi ana familia. Akasema ana watoto wawili, na kwamba anataka gari la kuwapeleka shule. Gasketi ya injini ile hatukuipata mjini. Ya kuagiza Dar es Salaam ingefika baada ya Jumamosi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu, kisha akapiga simu palepale chini ya mwembe. Mtu wa Masasi alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Linavuja upande gani?"

Jumamosi alikuja. Alipofungua boneti alikwenda moja kwa moja pale alipoelezwa, akapapasa, akanusa kidole chake. Walipatana kwa bei ya chini kuliko ile ya awali, na nadhani ilishuka kupita gharama ya gasketi. Nyumba ya arusi itaezekwa bati vyumba viwili, na ukumbi utabaki na makuti hadi korosho za Oktoba.