Pori Nalo Lilikuwa na Sheria

Wengi wakiandika juu ya desturi za Babembe huanza na ngoma, mahari au jando. Mimi nimechagua pori na wanyama wake, sababu pori nalo lilikuwa na sheria. Ajabu ni kwamba sheria zile nilizielewa vizuri nikiwa ukimbizini Tanzania, si hapa Lubondja.

Kwanza tukumbuke jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Ng'ambo ya ziwa, kaskazini ya mji wa Kigoma, kuna pori dogo la Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Pale ndipo Jane Goodall, Mwingereza aliyefariki mwezi wa 10, 2025, alianza kuchunguza sokwe mwaka 1960. Usiku wa tarehe 19 mwezi wa 5, 1975, watu kama 40 wenye silaha walivuka kwa mashua kutoka upande wetu. Walikuwa wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila, kilichokuwa na makao katika milima ya Fizi. Waliteka vijana wanne waliokuwa wanafanya uchunguzi Gombe, Wamarekani watatu na Muholanzi mmoja, wakawaleta huku. Wote waliachiliwa baadaye, wazima. Lakini wachunguzi wa kigeni waliondoka, na kazi ya kufuata sokwe kila siku ikashikwa na Watanzania wa vijiji vya jirani, nao wakaifanya vizuri. Hivyo ndivyo jina la kwetu lilivyofika Gombe, na si kwa heshima.

Miaka 20 baadaye tukavuka sisi wenyewe, kwa kukimbia. Tangu vita vya 1996, maelfu ya watu wa Fizi walipokelewa Kigoma, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Aliyeishi kambini anajua shida ya kuni. Unga ulikuja kwa gari, lakini unga hauliwi mbichi. Mama alitoka alfajiri na kurudi jua likizama, na njia ilizidi kurefuka. Wenyeji nao waliona miti yao inaisha.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi Lugufu wakati vikundi vya Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi, vilipotufikia. Mpango huo Goodall aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu. Kila kikundi kinajitafutia kazi kwa ajili ya watu, wanyama na mazingira. Watoto wetu walipanda miche, wakafinyanga majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, wakafuga kuku. Wazazi walinung'unika: “Mtoto hana hata daftari, ninyi mnamfundisha habari ya sokwe?” Swali lilikuwa la haki kabisa.

Aliyewatuliza ni mzee mmoja wa kwetu, mtu wa bwami tangu ujana wake, tuliyemwita aseme na darasa. Alieleza kwamba zamani chui hakuwa mali ya aliyemuua. Alipelekwa mbele ya wakubwa wa bwami, ngozi na meno vikagawanywa kwa utaratibu. Kakakuona naye hakuguswa ovyo. Tena kuna koo zilizokatazwa mnyama fulani tangu kuzaliwa mpaka kufa. Mtoto akauliza: “Babu, na yule asiyeamini miiko?” Mzee akacheka. “Hata huyo alikuwa anaona haya.”

Mwezi wa 10, 2005, HCR ilianza kuturudisha. Meli MV Mwongozo ikawa inashusha watu Baraka. Lugufu ikafungwa 2009. Wengine tulirudi na mabati, masufuria, na mbegu za miti ndani ya soksi.

Hapa Lubondja nilianzisha kikundi shuleni, nikakuta kazi ni nyingine. Kambini tulifundisha watu wasio na pori. Hapa pori ni letu. Milima ya Itombwe ilitangazwa hifadhi mwaka 2006, na mabishano ya mipaka yalichukua miaka. Gorila wa mashariki anayeishi mle aliandikwa mwaka 2016 kati ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Na anayechoma makala (Watanzania wanasema mkaa) si adui. Anatafuta minerval ya mtoto wa sekondari.

Kinachonikera ni mafunzo yanayofika na picha na kofia, yakianza kana kwamba hapa hapakuwa na sheria hata moja. Mwanafunzi anajua faini ya kuua gorila, lakini hajui mnyama gani ukoo wake haumli. Kwa hiyo zoezi la kwanza katika kikundi chetu ni kwenda nyumbani kuuliza wazee.

Wengine walirudi na majina mazuri, hata ya wanyama ambao mimi sijawahi kuwaona. Wengine walirudi mikono mitupu: aliyejua alizikwa Lugufu, au alihamishiwa Nyarugusu na hakurudi. Basi tukaandika maswali kwenye karatasi, tukawapa wafanyabiashara wanaovuka kwenda Kigoma. Siku hizi majibu yanakuja kwa simu, kwa sauti. Bibi mmoja, kabla ya kujibu lolote, alitaka kwanza aambiwe kama kijito cha nyuma ya shule bado kina maji.