Filta Nyekundu
Mkanda wa ASA 50 ni mvivu, wataka mwanga mwingi. Siku ile jua la Tanga lilikuwa kali, Bibi kasimama ufukweni na kanga yake mpya. Kamera yangu kuukuu haikuwa na kipimo cha mwanga. Nikaweka f/16, sekunde 1/60, sawa kabisa. Halafu, kwa tamaa ya mbingu nyeusi na mawingu meupe, nikafunga filta nyekundu. Nikasahau kufungua lenzi hatua tatu, hadi f/5.6.

Bibi alifariki kabla sijasafisha mkanda. Negativu zikatoka nyeupe kama maji.

Siku hizi, jamani, nahesabu kwanza: njano hatua moja, nyekundu tatu. Ndipo namwambia mtu, “Tulia hapo hapo.”