Foronya za Watu Sandukuni

Kwetu Likunja, Ruangwa, mvua za Desemba zikianza mikono hushika jembe, sindano ikalala. Foronya iliyodariziwa nusu hungoja hata ufuta uvunwe. Basi ifue itoke jasho la mikono, ikauke barabara, ndipo uifunge kwa kitambaa cha pamba. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu, ikaota ukungu. Nyuzi zake ziwe humo humo, maana nyekundu ya duka jingine si nyekundu ile. Lakini kubwa zaidi ni karatasi: foronya ya nani, amelipa nini, maua mangapi yamebaki. Kitambaa cha mtu ni amana. Jirani yangu alipofariki, sandukuni mlikutwa vitambaa vinne, kila kimoja na karatasi yake. Wanawe wakavirudisha kwa wenyewe kabla ya kugawa mirathi.