Mbogani, Kutokea Upande wa Jikoni

Nyumba ya mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, iitwayo Mbogani, niliijua kwanza kwa mgongo wake. Mama alikuwa mpishi katika chuo cha lishe ambacho serikali ilikianzisha pale, baada ya Denmark kuinunua nyumba mwaka 1964 na kuitoa iwe zawadi ya uhuru wa Kenya. Shule zikifungwa alinichukua, nikawa nacheza nyuma, karibu na jiko la zamani. Mbele sikupakanyaga.

Jiko lile limejengwa peke yake, mbali kidogo na nyumba kubwa. Nyumba nyingi za masetla zilipangwa hivyo: moshi, harufu na hatari ya moto vibaki huko, pamoja na kelele za masufuria na watu wanaoyashika. Chakula kikishaiva kilivuka ua mikononi mwa mtu, iwe mvua, iwe jua. Mama aliutazama ule ua kwa jicho la kazi. Hesabu yake ilikuwa moja tu: supu ingefika mezani ikiwa na joto gani.

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren. Haina ghorofa, imetandaa chini, kuta za mawe, paa la vigae, na veranda pana zinazolizuia jua lisichome kuta za vyumba. Kutoka verandani unaviona vilima vya Ngong. Naipenda kuliko kasri la Lord Egerton kule Njoro, ambalo ni Uingereza iliyobebwa kizimakizima ikatuliwa kwenye mashamba. Hii ya Mbogani angalau iliuliza jua linatoka wapi.

Blixen aliishi humo kuanzia mwaka 1917 hadi 1931. Kahawa aliyoilima haikumkubali: shamba lilikuwa juu mno, na udongo ulikuwa na asidi nyingi. Mwaka 1923 kiwanda kikaungua. Mwishowe shamba liliuzwa, likakatwa viwanja vya makazi. Wakikuyu waliokuwa maskwota pale walitakiwa kuhama. Blixen aliwaombea ardhi, wakapewa Dagoretti. Wakwe za shosho wangu walikuwa miongoni mwao. Shosho hakuwahi kuiita nyumba ile nzuri wala mbaya. Alisema tu kwamba vigae vyake vilionekana kutoka mbali.

Kisha ikaja filamu ya mwaka 1985 kuhusu maisha ya Blixen. Ajabu ni kwamba walipigia picha katika nyumba nyingine ya jirani, Mbagathi, ambako Blixen aliishi kabla ya kuhamia Mbogani. Lakini umaarufu uliangukia huku, na mwaka uliofuata nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Baadhi ya samani za Blixen zilizokuwa zimenunuliwa na setla mwenzake, Lady McMillan, zilirudishwa. Vitu vingine ni vya filamu, hivyo mgeni humsikiliza kiongozi kwa makini ajue kipi ni kipi.

Hapo ndipo nilipoingia kwa mlango wa mbele, na tiketi mkononi. Kilichonishangaza ni giza. Chumba cha kulia kimevikwa mbao ukutani, na zile veranda zinazoleta ubaridi ndizo zinazokula mwanga. Kutoka nyuma nilikuwa nimedhani ndani kunang'aa.

Nilimpeleka Mama alipostaafu. Vyumbani alipita haraka, akatua jikoni. Vyombo vilikuwa vimepangwa, ukuta hauna masizi. Akamuuliza kiongozi kuni zilikuwa zikiwekwa wapi. Kijana alikuwa anajua miaka yote ya Blixen, na ya mpenzi wake Denys Finch Hatton, ila kuni zilimshinda.

Siku hizi juu ya Ngong kuna mitambo ya upepo, na mashamba yamekuwa mabustani yenye ua mrefu. Nyumba wameitunza, nawashukuru. Lakini ziara huanzia sebuleni na kumalizikia jikoni, watu wakiwa wameshachoka na kutafuta kivuli. Mimi ningewaanzishia jikoni, niwavushe ua ule kwa miguu, tena ikiwezekana mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha.