Matope Yanaweka, Hayafuti

Kila nikitaja mto Nairobi, lazima atokee msee aniambie suluhisho ni rahisi: tengeneza kinamasi, panda matete na mafunjo, maji yatoke safi. Hilo wazo nalipenda, tena sana. Lakini kuna sehemu ya hiyo stori watu huiruka.

Kwanza tuelewane vile hiki kitu hufanya kazi. Kinamasi cha kutengenezwa ni bwawa lisilo na kina kirefu, limejazwa kokoto na udongo, juu kumepandwa matete. Maji machafu yanaingia upande huu, yanapita polepole, yanatokea ule mwingine. Kwa sababu kasi imepungua, tope linazama, na metali nyingi huwa zimeshikana na hilo tope. Kule chini hakuna oksijeni. Kuna bakteria wanaochukua salfeti ya kwenye maji na kuigeuza salfaidi. Salfaidi ikikutana na madini ya risasi, zinki au shaba, zinashikana na kuwa chembe zisizoyeyuka, zinabaki matopeni. Na mimea? Hunyonya kiasi kidogo tu, na kingi cha hicho hubaki kwa mizizi.

Si uchawi, na si kitu kigeni. Hapa hapa Nairobi kulijengwa kinamasi 1994 kusafisha majitaka ya Carnivore na Splash. Hata mto Nairobi wenyewe unaanzia kwenye kinamasi cha asili, Ondiri kule Kikuyu.

Sasa ile sehemu inayorukwa. Uchafu wa choo ukipita pale, bakteria wanaula unaisha. Risasi haiishi. Haiozi na haiungui. Imehama tu kutoka kwa maji hadi kwa matope. Ni kama kumwachia msee mzigo akuwekee: ni mwaminifu, lakini mzigo bado ni wako. Ukifukua yale matope ukayaanika, hewa ikaingia, metali inaweza kuanza safari upya. Ukikata yale matete ukalisha mbuzi, umejua mwenyewe inaelekea wapi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, so usinichukulie kama profesa. Lakini mamangu huuza sukuma, na kuna msimu inatoka kwa mashamba ya kando ya mto. Hiyo biashara ndiyo ilinilea. Anayelima pale hana maji mengine, na simlaumu. Ila jani halina alama ya kuonyesha lilinyweshwa nini, na kilichoingia kupitia mzizi hakitoki kwa kuosha kwa mfereji.

Mwaka wa 2007 UNEP ilichapisha utafiti wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora, kando ya mto huo huo. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu iliyofikia au kupita kiwango cha hatari cha wakati huo. Wadogo kati yao leo ni rika langu. Pengine tulikaa nao dawati moja.

Kwa hivyo mtu akileta mradi wa kinamasi mtaani, nitampigia makofi, halafu nimuulize maswali matatu. Nani atapima matope kila mwaka? Yakijaa yatapelekwa wapi? Na viwanda vya juu vimeambiwa nini? Kinamasi ni cha kushika mabaki baada ya kiwanda kusafisha maji yake, si ruhusa ya kumwaga kwa sababu "matete yatashughulika".

Kama uko kwa kikundi cha vijana mnaopanda kitu kando ya mto, ulizeni hayo matatu kabla ya mheshimiwa kukata utepe. Picha zikishapigwa, hakuna mtu hurudi kuangalia matope.