Ugonjwa Ulioanzia Ndani ya Yai

Mtanzania anayeishi Leicester au Reading akitaka kufuga kuku nyuma ya nyumba yake, sheria inamtaka ajiandikishe serikalini, hata kama kuku mwenyewe ni mmoja tu. Agizo hilo lilianza kutumika England na Wales tarehe 1 Oktoba 2024. Kuwamwagia kuku makombo ya ugali yaliyotoka jikoni ni kosa, isipokuwa kwenye nyumba isiyoingiza kabisa nyama, maziwa wala mayai. Na kuku akianza kuharisha, antibiotiki haipatikani mpaka daktari wa mifugo aiandike.

Ndugu yake aliyebaki Lugoba hana mlolongo huo. Akiona kuku wamejikunyata na mbawa zimelegea, anapanda bodaboda hadi duka la dawa za mifugo, anaeleza kwa mdomo alichokiona, anatoka na pakiti ya antibiotiki iitwayo OTC. Jioni hiyohiyo dawa imeshachanganywa kwenye maji ya kunywa.

Ni rahisi kusema tofauti yote ni ukali wa sheria. Lakini Tanzania nayo ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na ina Baraza la Veterinari linalosajili wataalamu. Pengo kubwa liko mahali ambapo mfugaji haoni: kwa kuku mzazi aliyetaga yai la kifaranga.

Lugoba iko kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, sehemu inayojulikana zaidi kwa machimbo ya kokoto na mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha. Kuku wa kienyeji ni wa tangu enzi za mababu. Chotara kama Kuroiler na Sasso ni wageni wa juzi, na wengi wameletwa na kile kinachoitwa mradi: mtoto aliye ng'ambo anatuma hela, shangazi anajenga banda, vifaranga vinafika kwenye maboksi vikiwa na umri wa siku moja. Picha zinarushwa WhatsApp. Wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Wiki ya pili vifaranga vinajikusanya kwenye joto, vinaharisha kinyesi cheupe kinachogandia nyuma, na kufa kimoja baada ya kingine.

Dalili hizo ni za pulorumu, ugonjwa wa bakteria wa jamii ya salmonela. Ndugu yake wa karibu ni homa ya matumbo ya kuku, ambayo mara nyingi hungoja kuku wakue ndipo iwaangushe: upanga unapauka, kinyesi kinakuwa cha kijani na njano, na mzoga ukipasuliwa ini linakutwa limevimba na rangi yake imegeuka kama shaba. Magonjwa haya mawili yana hila moja. Kuku aliyepona anaweza kuendelea kubeba bakteria kwenye mfuko wa mayai, naye akawapitisha kwa vifaranga kupitia yai. Shangazi anaweza kufagia banda kila asubuhi, akabadilisha maranda na kuosha vyombo vya maji, na bado vifaranga vikafa kwa maradhi yaliyoingia ndani ya boksi kabla ya basi kuondoka stendi.

Marekani waliliona hilo mapema. Mwaka 1935 walianzisha mpango wa kitaifa wa kuboresha kuku, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa pulorumu. Njia yenyewe haikuhitaji mitambo ya ajabu. Tone la damu ya kuku mzazi linachanganywa na tone la dawa ya rangi juu ya kipande cha kioo. Damu ikigandamana vipandevipande, kuku huyo anaondolewa kwenye kundi la wazazi. Miaka ikapita, wazazi wakachujwa, na ugonjwa uliokuwa ukifyeka vifaranga ukatoweka kwenye mashamba ya kibiashara.

Uingereza ilijifunza kwa aibu, kupitia salmonela inayowadhuru walaji. Desemba 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alitamka kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai wa nchi hiyo imeathiriwa na salmonela. Soko la mayai likaporomoka, naye akajiuzulu kabla mwezi haujaisha. Alikuwa ametia chumvi, ila tatizo lilikuwepo kweli. Mwaka 1998 wafugaji wakaja na alama ya simba mwekundu inayogongwa kwenye ganda, yenye sharti kwamba kuku wote wachanjwe dhidi ya salmonela. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ikawaruhusu hata wajawazito kula mayai yenye alama hiyo bila kuyaivisha sana.

Asidhani msomaji kwamba ng'ambo kuku ni safi kama theluji. Utafiti wa mamlaka hiyohiyo ya chakula wa mwaka 2014 hadi 2015 ulikuta kampilobakta, bakteria wa kuumiza tumbo, kwenye asilimia 73 ya kuku wabichi waliopimwa kutoka madukani. Ndiyo maana Waingereza wanahimizwa wasioshe kuku mbichi, kwa sababu maji hurusha vijidudu jikoni kote. Mwambie hivyo mama wa Lugoba aliyezoea kumsugua kuku kwa limau na chumvi, uone atakavyokutazama!

Turudi kwenye ile pakiti ya OTC. Ndani yake mna oksitetrasaiklini, dawa nzuri ikipewa ugonjwa wake. Lakini kuku waliojikunyata Lugoba huenda wana kideri, ambacho ni virusi, na hakuna antibiotiki inayokitibu. Huenda wana koksidia, ambao si bakteria wala virusi. Au wana mafua ya kuku, uso umevimba na pua inatoa kamasi zenye harufu, ambayo ni ya bakteria kweli. Kwa macho tu, magonjwa haya huchanganya hata wazoefu. Basi dawa inamwagwa kwa kubahatisha, inakatishwa kuku wakichangamka, na mayai yanaendelea kuuzwa bila kungoja siku zilizoandikwa kwenye lebo. Bakteria waliosalia wanazoea. Ndiyo njia mojawapo ya kuzaa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na usugu huo haubaki bandani: salmonela na E. koli wa kuku hufika kwa watu pia.

La kusikitisha ni kwamba vipimo haviko mbali. Mtu wa Lugoba akifika Chalinze, barabara moja inampeleka Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, na nyingine Dar es Salaam, kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Temeke, kituo ambacho makonda hukiita Veterinari. Njiani anapita Kibaha, inakotengenezwa TEMEVAC, chanjo ya kideri inayovumilia joto, ya matone ya jicho. Nchi inayoweza kutengeneza chanjo hiyo haishindwi kupima damu ya kuku wazazi.

Kwa hiyo wewe uliyeko Leicester, Oslo au Minneapolis, kabla ya kutuma hela za vifaranga, mwulize shangazi swali moja: wazazi wa vifaranga hivi wamepimwa pulorumu na homa ya matumbo, na cheti kiko wapi? Muuzaji akibabaika, tafuta mwingine. Tenga pia nauli ya kupeleka kuku wawili watatu wagonjwa maabara wakiwa hai na kabla hawajapewa dawa yoyote, au mzoga wa asubuhi hiyo uliowekwa kwenye barafu bila kugandishwa. Nauli hiyo ni ndogo kuliko bei ya boksi jingine la vifaranga.