Kilima cha Superga na Timu Isiyosahauliwa

Wakristo wengi wa Nyeri na Murang'a wamelisikia jina la mji wa Torino tangu utoto wao. Huko, kaskazini ya Italia, ndiko lilikoanzishwa shirika la Wamisionari wa Consolata mwaka wa 1901, na watu wake wanne wa kwanza, mapadri wawili na mabradha wawili, walifika Tuthu kwa Chifu Karuri wa Gakure mwezi wa Juni, 1902. Kanisa la Consolata, ambalo shirika hilo lilipata jina lake kwake, limo mjini Torino hata leo. Lakini mji huo una kanisa jingine kubwa, lililojengwa juu ya kilima, na wengi wa wale wanaokipanda kilima hicho hawaendi kwa ajili ya kanisa peke yake. Huenda kuyasoma majina ya wachezaji wa mpira.

Kilima hicho huitwa Superga. Kimo chake ni futi zipatazo 2,200 juu ya bahari, na mtu aliyezaliwa karibu na Mlima Kenya atakiona kuwa kidogo sana. Hata hivyo chaonekana kutoka mbali, kwa sababu mji wenyewe umelala chini yake kando ya mto Po. Reli ya kukipanda ilijengwa mwaka wa 1884. Siku isiyo na mawingu, mtu akifika juu huuona mji wote, na barabara zake zilizonyoka kama mistari ya daftari, na ng'ambo ya mji safu ya milima ya Alps yenye theluji. Mwaka wa 1706, jeshi la Wafaransa lilipouzingira mji, mtawala wake Vittorio Amedeo II aliweka nadhiri kwamba akishinda atamjengea Mama Maria kanisa mahali pale. Alishinda, na kanisa likamalizika mwaka wa 1731. Chini ya sakafu yake wamezikwa wafalme na jamaa zao. Majina ya wachezaji hayamo ndani pamoja na ya wafalme. Yako nje, nyuma ya kanisa, na sababu ya kuwapo pale ndiyo habari yenyewe.

MAFAHALI WAWILI

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Mji wa Torino umewaweka wawili kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja. Wa kwanza ni Juventus, timu iliyoanzishwa na vijana wa shule mwaka wa 1897, ambayo huvaa fulana za milia myeusi na myeupe. Mwaka wa 1923 timu hiyo ilipata mwenyekiti kutoka jamaa ya Agnelli, wenye kiwanda cha motokaa cha Fiat, na tangu hapo haikukosa fedha. Wa pili ni Torino, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo watu waliokuwa wamehitilafiana na wenzao wa Juventus wakatoka. Fulana zake ni za rangi ya damu ya mzee, na alama yake ni fahali mwenyewe. Siku timu hizo zinapokutana, hata ndugu wa nyumba moja huweza kuketi pande mbili za uwanja.

JINSI TIMU ILIVYOJENGWA

Mwaka wa 1939 mfanya biashara mmoja aitwaye Ferruccio Novo alishika uenyekiti wa Torino. Yeye hakukusanya wachezaji ovyo, bali alichagua mmoja mmoja kama mkulima mwangalifu achaguavyo mbegu. Mwaka wa 1942 aliwatoa Valentino Mazzola na Ezio Loik katika timu ya Venezia. Mazzola alitoka katika nyumba ya kimaskini, akaanza kufanya kazi angali mtoto. Ndiye aliyekuwa kapteni. Msaidizi mkubwa wa Novo katika mashauri ya mchezo alikuwa Egri Erbstein, Myahudi wa Hungary. Sheria za ubaguzi za mwaka wa 1938 zilimlazimisha kuondoka Italia, na mwaka wa 1944 alitoroka kutoka kambi ya kazi za nguvu katika nchi yake. Vita vilipokwisha alirudi Torino kazini. Pamoja naye alikuwapo mwalimu Mwingereza, Leslie Lievesley. Basi watu ambao mataifa yao yalikuwa yamepigana vita waliketi meza moja kuifikiria kazi moja.

Matunda ya kazi hiyo yalionekana. Torino ilichukua ubingwa wa Italia mwaka wa 1943, na vita vilipokwisha ikauchukua tena miaka ya 1946, 1947, 1948 na 1949. Katika ligi ya mwaka wa 1947 hadi 1948 ilifunga mabao 125 katika mechi 40, na timu ya Alessandria iliondoka na mabao kumi bila kufunga hata moja. Tarehe 11 Mei, 1947, Italia ilipocheza na Hungary, wachezaji kumi kati ya kumi na mmoja wa Italia walikuwa wa Torino. Aliyebaki, golikipa, alitoka Juventus.

Uwanja wao uliitwa Filadelfia, nao ulifunguliwa mwaka wa 1926. Haukuwa uwanja mkubwa, na watazamaji walikuwa karibu sana na mchezo. Husimuliwa kwamba siku ambazo timu ilicheza kwa uvivu, mfanyakazi mmoja wa reli aliinuka mahali pake akapiga tarumbeta. Hapo Mazzola alikunja mikono ya fulana yake. Wenzake walijua maana yake, na wageni nao walijua, na kwa robo saa iliyofuata mpira haukutoka upande wa wageni. Tangu mwanzo wa mwaka wa 1943 mpaka timu ile ilipokwisha, hakuna aliyeishinda Torino katika mechi ya ligi uwanjani Filadelfia.

SAFARI YA URENO

Mwishoni mwa Aprili, 1949, zilibaki mechi nne za ligi, na Torino ilikuwa mbele kwa pointi nne. Mazzola alikuwa na rafiki huko Ureno, Francisco Ferreira, kapteni wa timu ya Benfica, ambaye alikuwa akiandaliwa mechi ya heshima mjini Lisbon. Torino ilikubali kwenda kumchezea. Mechi ilichezwa tarehe 3 Mei, na Benfica ikashinda kwa mabao manne kwa matatu. Hakuna aliyehuzunika sana, maana ulikuwa mchezo wa urafiki.

Siku ya pili yake timu ilipanda ndege kurudi nyumbani, ikatua Barcelona kwa muda, kisha ikaendelea. Huko Torino mvua ilikuwa ikinyesha na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka yakafunika kilima. Saa kumi na moja jioni na dakika chache, ndege iligonga ukuta wa nyuma wa kanisa la Superga. Watu wote 31 waliokuwamo walikufa. Kati yao wachezaji walikuwa 18. Wengine walikuwa viongozi na walimu wa timu, Erbstein na Lievesley wakiwamo, pamoja na waandishi wa magazeti watatu, mtu aliyeandaa safari, na wanne wa kuendesha na kuhudumia ndege.

Ajali haina kinga, wala haichagui. Aldo Ballarin na mdogo wake Dino walikufa pamoja. Dino alikuwa golikipa wa akiba aliyechukuliwa safarini badala ya mwenzake. Sauro Tomà alibaki nyumbani kwa kuwa goti lake lilikuwa na maumivu, naye aliishi karibu miaka 69 baada ya wenzake, mpaka mwaka wa 2018. Mwenyekiti Novo hakusafiri kwa sababu ya ugonjwa, akabaki bila timu aliyoijenga kwa miaka kumi.

Kazi iliyokuwa nzito kuliko zote ilimwangukia Vittorio Pozzo. Huyo ndiye aliyeiongoza Italia kuchukua Kombe la Dunia mwaka wa 1934 na mwaka wa 1938, na wengi wa vijana wale aliwachagua mwenyewe kuichezea nchi. Alipanda kilimani katika mvua, akatambulisha maiti mmoja mmoja, kwa sababu hakuna mwingine aliyewajua vizuri kama yeye.

HESHIMA YA WAPINZANI

Mazishi yalifanyika tarehe 6 Mei, na watu waliojipanga njiani walikadiriwa kuwa nusu milioni. Walikuwamo watu wa Torino na watu wa Juventus, na siku ile hapakuwa na mtu wa kuwatenga. Ottorino Barassi, mkuu wa chama cha mpira cha Italia, aliyaita majina ya wachezaji mmoja baada ya mwingine, kama mwalimu aitavyo majina darasani, akawatangaza kuwa mabingwa.

Hata hivyo mechi nne zilibaki, na Torino haikuwa na watu. Basi iliwaingiza uwanjani vijana wake wadogo. Timu nne zilizobaki, yaani Genoa, Palermo, Sampdoria na Fiorentina, zingeweza kuleta wachezaji wao wakubwa na kujichukulia pointi. Hazikufanya hivyo. Kila moja iliacha wakubwa wake nje ikawaleta vijana, ili mchezo uwe wa haki. Vijana wa Torino walishinda mechi zote nne. Tarehe 26 Mei timu ya River Plate ilikuja kutoka Argentina, safari ya kuvuka bahari nzima, ikacheza mjini Torino kwa ajili ya jamaa za waliokufa. Mechi ilikwisha mabao mawili kwa mawili. Mwaka uliofuata, Italia ilipokwenda Brazil kwa Kombe la Dunia, ilikwenda kwa meli.

Torino yenyewe haikupona upesi. Mwaka wa 1959 ilishuka daraja la pili, na ubingwa haukurudi mpaka mwaka wa 1976, baada ya miaka 27. Uwanja wa Filadelfia uliachwa ukachakaa, ukabomolewa, na mwaka wa 2017 ukafunguliwa upya kuwa mahali pa mazoezi. Mwana wa Mazzola, Sandro, aliyekuwa na umri wa miaka sita babake alipokufa, alikua akawa mchezaji mashuhuri wa timu ya Inter ya Milan, akashinda nayo Kombe la Ulaya mara mbili, mwaka wa 1964 na mwaka wa 1965.

JUU YA KILIMA

Juventus imechukua ubingwa mara nyingi sana kuliko jirani yake, na kwa kuhesabu vikombe hakuna ubishi mjini. Lakini mgeni akizunguka nyuma ya kanisa la Superga hukuta jiwe la ukumbusho lenye majina, na skafu za timu nyingi zilizoachwa na watu wa nchi mbalimbali, hata watu ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa mwaka wa 1949. Kila tarehe 4 Mei watu wa Torino hukipanda kilima, na Misa husomwa. Kisha kapteni wa timu wa mwaka ule husimama mbele ya jiwe na kuyasoma majina yote kwa sauti.

Katika nchi yetu pia zimo timu zinazopendwa na timu zinazochukiana, na mara nyingine mawe hurushwa kwa sababu ya bao moja. Inafaa kukumbuka kwamba Genoa, Palermo, Sampdoria na Fiorentina zilipata nafasi ya kuichukulia pointi timu isiyo na watu, zikaikataa. Matokeo ya mechi zile nne wanayakumbuka wachache. Wanachokumbuka wengi ni kwamba vijana walicheza na vijana.